Barua Zisizotiwa Gundi

Goma, Mapendo, tarehe 5 Oktoba 2025

Bénie mpendwa,

Papa amemaliza kupakia Fuso, lori lake. Kesho asubuhi anakuja kwenu Butembo, na barua hii itasafiri naye. Usishangae kuona bahasha iko wazi. Papa amekataa gundi kabisa. Anasema kwenye kila barieri ya barabarani wenye bunduki wanamuuliza amebeba nini, na dreva akijibu "sijui" anashushwa. Basi barua yetu inasafiri wazi kama kikapu cha nyanya.

Tangu familia yenu ihame Goma mwezi wa pili, nafasi yako kwenye benchi amekaa Vanessa. Ni mtu mzuri, lakini ukimwambia jambo ulilosoma anakuuliza kama litatoka kwenye mtihani. Kwa hiyo nashika mapatano yetu: kila mmoja asome kitu kipya, kisha amweleze mwenzake kwa Kiswahili hata kama amekisoma kwa Kifaransa. Simu ya nyumbani ni ya Mama na wote tunaisikiliza pamoja. Tena unanijua, kwenye simu mimi ni mtu wa "ndiyo" na "hapana" tu.

Kitu changu ni hiki. Pale kituo cha vijana, Papa Murhula anayetunza vitabu ananiachia kompyuta nusu saa kila Jumatano. Nimesoma kuhusu bonobo, wale sokwe wa msitu wetu, hapa hapa Kongo. Watafiti walikaa miezi wakirekodi milio yao, na kila bonobo alipolia waliandika alikuwa anafanya nini. Wamegundua kwamba bonobo huunganisha milio miwili, na mara nyingine maana inayotoka si ya mlio wa kwanza kujumlisha na wa pili. Ni maana mpya. Sisi tunafanya hivyo kila tunapofungua mdomo, na wengi walidhani ni sisi peke yetu. Nilisoma mara tatu. Nilijivuna kama mtu aliyesikia ndugu yake ametajwa redioni.

Siku iliyofuata prof, mwalimu wetu wa biolojia, akauliza nani amesoma jambo jipya. Niliinua mkono. Bénie, niliinua mkono! Nikasimama, darasa zima likageuka, na sauti ikaondoka. Nikakaa. Vanessa akasema, "Kadidja ameona jini." Walicheka mpaka kengele.

Sasa habari kubwa. Papa amepata kiwanja mtaa wa Lac Vert! Tulikwenda Jumapili iliyopita asubuhi na mapema. Kiko chini, kimezungukwa na mawe meusi ya volkano kama bakuli, upepo haufiki. Katikati majani yamekauka duara; aliyeuza amesema walikuwa wanachoma takataka. Papa alipima vyumba kwa hatua zake, kisha akasimama mahali akasema, "Hapa chumba ya Kadidja. Na hapa etajeri ya vitabu yake, rafu ndefu." Mdogo wangu Hemedi akalala chini kujaribu kitanda chake, akainuka analia kichwa kinamuuma. Njaa, nafikiri, tulitoka bila chai. Mwashi Ntirenganya ameanza kuchimba msingi. Tutahamia kabla ya mwaka mpya.

Rafiki yako,
Kadidja Alimasi


Butembo, tarehe 13 Oktoba 2025

Weye Kadidja, prof wa bonobo,

Tafuta kiti, ukae.

Nilikwenda parking, kituo cha malori, kuchukua barua. Nikamkuta papa yako amekaa juu ya bido, dumu la mafuta, madreva wanane au tisa wamemzunguka. Alikuwa anasoma. Kidole kinapita chini ya mstari, sauti polepole, kama mtu wa redio. Nikasikia "bonobo". Nikasikia "watafiti". Kadidja, ilikuwa barua YANGU!

Nikajificha nyuma ya magunia ya viazi. Sikiliza:

"Ati nyani inaunganisha maneno?" aliuliza dreva mmoja, anaitwa Sikuli.

"Milio," papa yako akajibu. "Mutoto ameandika milio. Usibadilishe."

"Lakini hata sisi tunafanya vile! Honi fupi ni salamu. Taa ni 'nipe njia'. Honi na taa pamoja?"

Wote wakajibu mara moja: "Barieri iko mbele!"

"Mumeona? Hao watafiti wangekuja kwetu, hawangeteswa na mbu ku pori."

"Weye wangekurekodi ukikoroma," papa yako akasema, na wakacheka mpaka mama wa chapati akaja kuuliza kuna nini.

Alipomaliza akaikunja vizuri, akaniona, akanipa kwa uso wa mtu asiyejua kusoma. "Mutoto, barua yako hii." Nikasema, "Aksanti, papa." Nilicheka peke yangu njia nzima, watu wakidhani nimepata mchumba.

Lakini kuna jambo. Nilipoisoma nyumbani nilikuta kile kipande cha prof, sauti yako, na jini ya Vanessa. Pale parking sikukisikia. Nilikuwepo tangu bonobo mpaka kiwanja, sikukisikia. Amekiruka.

Mimi wiki hii sijasoma kitu, nasaidia Mama dukani. Leta kingine. Madreva wanangoja, na mimi pia.

Bénie Masika


Goma, Mapendo, tarehe 19 Oktoba 2025

Bénie,

Barua yako niliisoma nimejifungia chooni, na sikutoka mpaka Mama alipogonga. Watu tisa! Mimi nisiyeweza kusema mbele ya darasa, kumbe sauti yangu imeshafika kwenye parking zote za barabara ya Butembo bila mimi.

Papa aliporudi alikula, kisha akauliza, "Rafiki yako anasema nini?" Nikajibu, "Ni salamu tu, Papa." Akasema, "Ah. Vizuri." Tukaangalia sahani zetu wote wawili.

Safari hii nimetia gundi, tena mara mbili. Nimemwambia ni mambo ya wasichana. Aliipokea, akaitia mfukoni.

Kitu changu ni cha siasa. Nimesoma makala ndefu ya gazeti la ng'ambo kuhusu nchi kubwa zinazozungumza juu ya madini yetu. Kurasa nane. Mwandishi anajua jina la kila waziri na rangi ya zulia la chumba walimokutana. Nilichukua penseli nikahesabu watu waliopewa nafasi ya kusema kitu kwa maneno yao wenyewe. Walikuwa kumi na wanne. Kutoka Kivu hakuna hata mmoja. Mimi na wewe na mama wa chapati tumeandikwa "eneo". Nilikasirika, halafu nikaona aibu. Mwandishi huyo akija Mapendo aniwekee kinasa sauti mdomoni, nitamwambia nini? "Ndiyo" na "hapana".

Msingi wa nyumba umefika magotini. Ntirenganya anasema ameokota mijusi wawili wamekufa shimoni. Hemedi amemlilia mmoja, tukamzika.

Kadidja


Butembo, tarehe 30 Oktoba 2025

Kadidja,

Nitakuambia hivi ilivyo. Gundi yako imemtesa papa yako.

Kwenye barieri moja waliona bahasha imefungwa. Wakauliza kuna nini. Akasema, "Mambo ya wasichana." Wakacheka, kisha wakamshusha. Alikaa kwenye mvua tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi, magari mengine yanapita. Mwishowe mkubwa wao akaipasua kwa kisu, akaisoma yote, na siasa yako yote. Sikuli alikuwa nyuma yake kwenye foleni, ndiye amenisimulia.

"Ni nani huyu anaandika siasa?"

"Ni mutoto wangu," papa yako akasema. "Anasoma. Anahesabu watu ku gazeti."

Sikuli anasema hakuinamisha kichwa. Maji yanamtoka kwenye kofia, na anasema "mutoto wangu" kama mtu anayeonyesha leseni. Yule mkubwa akasoma tena ule ukurasa wa watu kumi na wanne. Halafu akairudisha. "Muambie hata sisi hawakutuuliza."

Kwangu papa alificha yote hayo. Alinipa tu: "Samahani, bahasha imepasuka." Nilipogeuka kuondoka akaniita. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama naweza kumwazima kidogo kabla ya kwenda nayo, sababu wenzake wanangoja. Nikampa. Ungefanya nini weye?

Sikuli ameniambia pia: zamani papa yako akifika parking alianza na habari ya matairi. Sasa anaanza, "Mutoto wangu wa Goma amesoma hivi..."

Usitie gundi tena. Jambo ambalo hutaki alisikie, usiliandike.

Bénie


Goma, Mapendo, tarehe 9 Novemba 2025

Bénie mpendwa, na wewe pia unayesoma kabla ya Bénie,

Bahasha iko wazi.

Nataka nianze na furaha, kwa sababu ilianza hivyo. Jumatano Papa Murhula alinipa jarida la wanajiolojia, la Kifaransa, zito, lenye michoro mingi. Katikati ya Kifaransa kile chote nikakutana na neno letu. Mazuku. Limeandikwa kwa herufi za kulala, na hawakulitafsiri. Wameeleza mara moja tu kwamba ndivyo watu wa Goma wanavyoiita hewa mbaya inayotoka ardhini, halafu wakaendelea kulitumia mpaka mwisho. Mtaalamu aliye mbali kabisa na volkano yetu, akitaka kusema jambo hili, anatumia neno la wamama wa hapa. Waliona, wakataja, na sayansi ikafuata. Nilitaka kusimama juu ya kiti nipige kelele. Nilimwonyesha Papa Murhula kwa kidole tu, lakini naye alifurahi.

Kisha nikasoma makala yenyewe.

Hewa hiyo hupanda kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayopumua, kwa hiyo haipandi, inakaa chini kama maji, na mahali palipo kama bakuli inajaa. Jua likiwaka na upepo ukipita inapungua. Palipo kimya, na alfajiri, inakuwa nyingi zaidi. Mtu mzima akisimama anaweza asisikie kitu, na mtoto aliye pembeni yake akazimia, kwa sababu pua yake iko chini zaidi. Dalili zake ni majani kukauka mahali pamoja, wadudu na wanyama wadogo kufa, na kichwa kuuma. Ukishusha mshumaa polepole, unazimika.

Papa, kama unasoma kwa sauti, naomba unyamaze hapa. Usome peke yako.

Ni mimi, Kadidja. Nimeshindwa kukuambia nyumbani. Jana nilikuja mpaka kwenye gari ukiwa unafunga kamba, ukaniuliza, "Unatafuta nini, mama?" nikasema natafuta kamba ya Hemedi. Nilikuwa natafuta sauti.

Kiwanja chetu ni bakuli, Papa. Majani yale hayakuchomwa, hayakuwa na majivu. Mijusi wa Ntirenganya hawakufa kwa njaa. Na Hemedi hakuwa na njaa, alikuwa amelala chini. Najua ulipima chumba changu. Kila siku naona etajeri ile nikifumba macho, na vitabu vimepangwa. Lakini Hemedi atalala kwenye mkeka.

Inawezekana nimekosea. Mimi nimesoma tu, sikupima. Naomba upime.

Bénie, nisamehe. Barua hii haikuwa yako peke yako.

Kadidja


Kirumba, tarehe 14 Novemba 2025

Kwa mutoto wangu Kadidja,

Asalam aleikum. Sijaandika barua tangu nilimuandikia mama yako mbele hatujaoana. Utanisamehe mukono wangu. Naipana kwa dreva anashuka Goma.

Nilianza kusoma ku parking ya Kiwanja, ile muji ya ku njia, hapana kiwanja yetu. Batu walikuwa wamekaa tayari. Mazuku ile iliwafurahisha sana. Sikuli alisema hata yeye alikuwa anajua hiyo neno, mbona hawakumuandika ku jarida. Nikafika fasi, pale unaniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Wakasema, "Endelea, papa Alimasi, usikatie fasi ya utamu." Nikasema, "Hapa ni salamu za batoto." Nikakunja. Nikaenda kusoma ndani ya gari, mulango umefungwa.

Nilikasirika siku mbili. Hapana juu yako. Miaka makumi mbili naingia ku nyumba ya mutu mwingine, naomba ruhusa hata ya kupiga musumari. Nilitaka barua yako iwe ya uongo. Nilisema, huyu ni mutoto, ameona mahali? Amesoma tu. Kisha nikafikiri, miye njo naenda kila parking nikiambia batu kwamba mutoto wangu anasoma. Sasa ikifika ku nyumba yangu nikatae?

Nikamupigia Ntirenganya. Nikamuambia, wacha kuchimba. Kesho mbele ya jua kutoka uende na mushumaa, uufunge ndani ya kopo, ushushe na kamba, weye usiingie. Akacheka. Akaniita asubuhi. Mushumaa ilizimika ku urefu ya goti. Akasema labda ni upepo. Nikamuambia, fasi ile haina upepo, njo sababu niliipenda. Rudilia. Akarudilia mara mbili tena. Akasema, "Patron, miye siingii tena mule."

Basi. Nyumba ile haiko. Usilie. Hemedi iko.

Jana hapa Kirumba niliwasomea yote. Hata fasi ya jina langu. Hata ile umeandika majani hayakuwa na majivu, na miye niliona kwa macho yangu nikaamini muuzaji. Sikuli akaniuliza, "Papa Alimasi, unasoma fasi mutoto anakurekebisha mbele yetu sisi wote?" Nikamujibu, "Ndiyo. Alinirekebisha vizuri. Weye, mutoto wako amekurekebisha lini?"

Sasa sikia. Chini ya kiwanja chetu kunakaa mafamilia tano, batu walitoka Masisi. Unakumbuka mama mwenye mapacha, alitupa maji. Wale hawajui, ao wanajua na hawana fasi ingine. Lazima waambiwe. Miye niko mbali, na hata nikirudi, wakiuliza "kwa nini" nitajibu nini? Ntirenganya anajua kamba. Weye unajua kwa nini. Jumapili uende na mama yako. Najua sauti yako inaondoka. Niliruka ile ukurasa ku Butembo, lakini niliisoma. Ikiondoka, uingoje. Barieri zote nilizongojea zilifunguka.

Waambie mawe na mbao zetu ziko juu, kandokando ya barabara, fasi upepo unapita. Wenye watakubali kupanda, wachukue.

Papa yako,
Alimasi, dreva


Goma, Mapendo, tarehe 24 Novemba 2025

Bénie,

Ninakuandikia kabla sijasahau mpangilio wake.

Jana Jumapili tulifika Lac Vert kabla ya jua, Mama, Ntirenganya na mimi. Tulikaa juu kwenye mawe, tukawaita wapande. Walikuja kumi na saba, wengine na mablanketi begani. Mama akanisukuma mgongoni. Nikafungua mdomo, na sauti ikaondoka.

Nikaingoja. Ilikuwa muda mrefu, Bénie. Mtoto mmoja akauliza, "Huyu hasemi?" Mama yake akamziba mdomo. Nikamuonyesha Ntirenganya kopo, akaliteremsha kwa kamba. Mshumaa ukazimika. Watoto wakacheka. Akauwasha tena, akateremsha, ukazimika mahali pale pale. Hapo hawakucheka tena, wakaniangalia mimi.

"Ninaitwa Kadidja Alimasi," nikasema. "Kile kilichozima mshumaa, nyinyi mnakijua jina. Mimi nimekuja kuwaambia kinakaa wapi, na saa ngapi."

Na nikasema, Bénie. Yote. Nyufa, uzito, alfajiri, pua ya mtoto. Sikusoma karatasi. Mtu mmoja akasema wazungu ndio wanatutisha ili watuhamishe. Nikamjibu kwamba neno lenyewe ni la kwetu, wao ndio walikuja kulijifunza. Mzee aliyekuwa pembeni akasema, "Njo vile. Mama yangu alikuwa anatuambia tusiteremke mbele ya jua kutoka."

Kisha mama wa mapacha, anaitwa Mama Henriette, akasimama. "Tulikimbia masasi ya bunduki, mwanangu. Sasa unataka tukimbie hewa? Twende wapi?"

Kwa swali hilo sikuwa nimesoma kitu chochote. Nikamwambia hivyo: "Sijui, mama. Sijui mwende wapi. Najua tu msilale chini pale." Kisha nikamwonyesha mawe yetu na mbao za Papa, juu, kando ya barabara. Akauliza ni za nani. Nikasema zilikuwa za chumba changu.

Familia tatu zimeanza kupanda jana hiyo hiyo. Ntirenganya amewapimia. Mbili zimekataa, lakini mtu wa familia moja ameomba mshumaa na kopo, na nimemwachia. Mama Henriette aliuchagua mwenyewe ubao wa kitanda, akaupigapiga kwa kiganja kuona kama umenyooka.

Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono. Nikamwambia kwamba nikisoma jambo jingine kuhusu mazuku nitawaandikia, mwashi atawaletea karatasi.

"Karatasi ya nini?" akasema. "Njoo Jumapili. Uje na mudomo wako."

Nitakwenda.

Kadidja Alimasi